MJADALA: Mtoto akipelekwa Amboni kwa miguu, amesoma au amezurura?

Ndugu zangu wa Tanga, salaam. Juzi kwenye kikao cha wazazi, mwalimu wa sayansi wa mwanangu aliomba awe anawatoa darasa la sita mara moja kwa mwezi, watembee na kusomea huko huko nje. Mzazi mmoja akasimama: "Nimemleta mtoto asome, si azurure." Makofi yakapigwa, ombi likafa pale pale. Mimi mpaka leo roho haijatulia.

Mwaka jana nilifuatana na watoto hao Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kutoka mjini. Tulishuka daladala barabara kuu, tukakata kwa miguu. Njiani mwalimu akaokota kokoto, akaikwangua kwa msumari, akaikamulia ndimu. Ule unga ukatoa vipovu. "Hili ni jiwe la chokaa," akasema, "na tindikali hulila." Tulipoingia ndani, chini ya yale mawe yanayoning'inia, tone la maji likamdondokea binti mmoja usoni. Akauliza: "Kwani mvua nayo ina ndimu?" Basi akaelezwa jinsi maji ya mvua yanavyochukua hewa ya ukaa, yakawa na uchachu kidogo, yakayeyusha mwamba kidogo kidogo miaka nenda rudi hadi pango likapatikana. Maelezo hayo hayo mwanangu alikuwa ameshayanakili ubaoni, na hakuwahi kuniuliza kitu. Siku ile aliniuliza njia nzima.

Wanaosema gharama, nawajibu: kinachotumaliza ni lile basi la kukodi la mwisho wa mwaka. Mikoko tunayo hapa hapa, bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) mtoto anayaona kwa macho yake akishuka pwani. Magofu ya Tongoni sawa, ni mbali, yanataka gari.

Usalama ndiyo hoja iliyonigusa. Barabara ya Horohoro, ile kuu tuliyoshukia daladala, ina malori, na mwalimu mmoja hawezi kuvusha watoto arobaini. Wazazi watatu wanne tufuatane naye kila safari. Mimi jina langu liandikwe la kwanza. Ila hili la kwamba watafeli darasa la saba kwa siku moja ya mwezi, silikubali kabisa.

Walimu, nyinyi ndio mnaoshika ratiba: siku hiyo moja kweli haipatikani? Na wewe mzazi unayekataa, ungekubali kwa sharti gani?