Jumbe taka kikundini: tubaki WhatsApp, twende Telegram, Discord, au tujenge jukwaa letu?

mlinzi_wa_winam (admini)
Wadau, habari za jioni. Kikundi chetu cha wanaprogramu wa Kisumu kinakaribia kujaa. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 tu, na wengi wa hawa wapya sijui wametokea wapi. Juzi kijana mmoja aliuliza mbona taarifa za malipo ya M-Pesa kutoka Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa) hazimfikii, naye anaendesha seva kwenye kompyuta yake nyumbani. Jibu lilikuwa sentensi moja: anwani ya kupokea majibu lazima ifikike kutoka nje kwa mtandao. Lakini kabla mtu hajaliandika, ziliingia jumbe kumi na tatu za utabiri wa mechi na za kuzidisha pesa kwa forex (biashara ya fedha za kigeni). Swali likazama. Kesho yake akaniambia amesaidiwa kwenye kikundi cha Nairobi. Iliniuma sana.

Kuruhusu maadmini peke yao waandike tulishajaribu wiki nzima. Jumbe taka ziliisha, na maswali pia yakaisha. Mnaonaje tuhame?

binti_wa_seva
Telegram. Kikundi kinabeba hadi watu 200,000, lakini si ukubwa unaonivuta, ni boti, yaani programu inayolinda kikundi yenyewe. Mgeni akiingia anafungiwa kuandika mpaka abonyeze kitufe au ajibu swali dogo, na wale wanaotumia mashine kusambaza matangazo wengi wanakwama hapo. Boti hiyo hiyo inafuta linki za mtu ambaye hajamaliza siku kadhaa. Halafu unaweza kuwasha mwendo wa polepole, kila mtu asubiri kabla ya kutuma tena.

Jambo la pili ni la sisi akina dada. WhatsApp inaonyesha namba yangu kwa kila mwanakikundi. Kuna kikundi kimoja cha teknolojia nilichoingia, ndani ya wiki nikaanza kupigiwa usiku na watu nisiowajua. Telegram unaficha namba.

fundi_kondele
Dada, nakuunga mkono kuhusu namba. Ila tukumbuke bando. Wanafunzi wengi tulio nao hununua bando la WhatsApp peke yake, na ukihamia kwingine umewaacha stendi.

Discord, programu ya mazungumzo yenye vyumba vingi ndani ya kikundi kimoja, nimeisimamia miaka miwili. Ina mlinzi wake wa ndani, AutoMod, tangu 2022, anayezuia maneno na linki ulizoorodhesha kabla ujumbe haujaonekana, na kwenye mwendo wa polepole mtu anaweza kusubirishwa hadi muda wa saa 6. Kwa kuzuia taka iko mbele ya zote. Shida ni kwamba mgeni akifungua mara ya kwanza anapotea kwenye vyumba, na simu ya bei nafuu inalemewa.

nyar_dunga
Jamani, mnachanganya vitu viwili. Wa forex ni mgeni aliyekuja kuiba masikio ya watu. Huyo mfungieni bila maswali. Lakini mwanachama anayeonyesha kazi yake si taka.

Nilitengeneza programu ndogo ya kuwasaidia akina mama wanaouza samaki ufukweni Dunga kurekodi mauzo na madeni. Nililala saa tisa usiku nikiimalizia. Nikaituma kwenye kikundi fulani (si hiki) nikiomba wanikosoe. Admini alifuta, akaniondoa, akasema sheria ni hakuna kujipigia debe. Nilikaa miezi bila kufungua msimbo ule.

Nendeni soko la Kibuye Jumapili. Mwenye kibanda chake anauza kwa amani. Anayelalamikiwa ni yule anayekuja kusimama mbele ya kibanda cha mwenzake na kupaza sauti.

mwalimu_sintaksia
Hili la nyar_dunga wenzetu wamelifikiria. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya wanaprogramu, hawakukatazi kutaja kitu chako, ila useme wazi kwamba ni chako. Hacker News, tovuti ya habari na mijadala ya teknolojia, wana Show HN, mahali pa kuonyesha ulichojenga, na sharti ni watu waweze kukijaribu. Makala, majarida na kurasa za kujiandikisha tu hazikubaliki hapo. Hicho ndicho kipimo ninachokipenda.

Kwa jukwaa letu wenyewe, Discourse, programu ya kuendeshea jukwaa la majadiliano, ni bure na inaendeshwa kwa ngazi za kuaminika. Mgeni hawezi kuweka linki zaidi ya 2 kwenye chapisho. Akishafungua mada 5, akasoma machapisho 30 na kutumia dakika 10 kusoma, anapanda ngazi mwenyewe. Anayekuja kutupa tangazo na kukimbia hana subira hiyo. Na majibu yanapatikana kwa Google mwaka mzima, si kuzama kama ya WhatsApp. Gharama ni seva, na mtu wa kuitunza.

jaduong_api
Nadhani ninayesemwa kwa upole ni mimi. Natuma linki za mafunzo yangu ya video karibu kila siku. Sina ajira, na hayo mafunzo ndiyo yanalipa nyumba Nyalenda. Nikikatazwa kabisa nitaondoka.

mwalimu_sintaksia
Usiondoke, ndugu yangu. Unajua mambo mengi. Mtu akiuliza, mjibu hapa hapa kwa maandishi mpaka aelewe, kisha ongeza: nina video yangu ya kulipia inayoendelea zaidi. Hakuna atakayekufuta, na watakutafuta wenyewe.

jaduong_api
Sawa, hilo naliweza.

mlinzi_wa_winam (admini)
Asanteni. Jukwaa la Discourse nalitaka kwa moyo, lakini hatuna mtunza seva wala pesa ya kila mwezi, kwa hiyo lingoje. Tutahamia Telegram na boti ya mlangoni. WhatsApp ibaki ya matangazo ya mikutano, kwa ajili ya wale wa bando. Ijumaa ni ya kuonyesha kazi zako, mradi tuweze kuijaribu. Nyar_dunga, Ijumaa ya kwanza ni yako ukikubali.

Nahitaji watu wawili wa kuangalia usiku. Boti itapitiwa na mengine, na hizi jumbe hupenda kuingia saa nane.

nyar_dunga
Nimekubali Ijumaa. Na usiku niwekee Jumanne na Alhamisi.