Naomba ushauri: mada ya samaki wasio na taya, tuitetee au tubadilishe?

MwalimuMld: Salaam alaikum wanajukwaa. Nafundisha biolojia hapa Malindi. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne kaandaa bango la maonyesho ya sayansi kuhusu lamprei, samaki asiye na taya, na anavyopambana na bakteria. Mwenzangu kalikataa. Asema samaki hao hawana kingamwili, zile protini za damu zinazoshika vijidudu, kwa hiyo hawawezi kukumbuka ugonjwa. Tena mtoto ataka kununua mkunga sokoni awe mfano. Nishaurini, maonyesho ni wiki ijayo.

MvuviShela: Mwalimu, mkunga ana taya! Asiyeamini amtie kidole mdomoni. Lamprei ana mdomo wa duara wa kufyonza, na pwani yetu hayupo. Pelekeni mchoro.

BintiMaabara: Mwenzako kasema kweli nusu. Kingamwili za aina yetu lamprei hana, ila mwaka 2004 kina Zeev Pancer na Max Cooper kule Marekani walionyesha kuwa ana protini zake za kazi hiyo hiyo, zaitwa VLR. Kila chembe nyeupe ya damu hunakili vipande vya jeni na kuviunga kwa mpangilio wake yenyewe, ndipo hupatikana aina chungu nzima. Baadaye lamprei walichanjwa spora za kimeta, wakatoa VLRB, aina mojawapo ya VLR, zinazoshika ganda la spora hizo hasa. Hiyo si kinga ya kubahatisha. Kuhusu kumbukumbu, tangu miaka ya 1960 imejulikana kwamba ukimpandikiza ngozi ya mwenzake huikataa, na ya pili huikataa upesi zaidi.

MwalimuMld: Shukran dada. Wakimuuliza tezi ya thaimasi, ile zinakokomaa chembe T za kinga, iko wapi?

BintiMaabara: Swali zuri, na wataliuliza. Tezi kamili kama yetu hana. Mwaka 2011 watafiti walieleza tishu inayofanana nayo kwenye ncha za matamvua ya lamprei wachanga, wale wanaoishi matopeni. VLRA na VLRC, aina nyingine za VLR, ziko kwenye chembe zinazofanana na chembe T zetu, VLRB kwenye zile za mfano wa chembe B, zitoazo kingamwili zetu. Bango lichorwe pande mbili, kingamwili yetu huku, VLRB kule, na chini aandike kwamba koo hizi mbili, wetu wenye taya na wa lamprei, ziliachana yapata miaka milioni 500 iliyopita.

Mzee_Lamu: Na bango lisijae maneno, mwalimu. Hawa majaji hupita mbio. Picha ya ule mdomo wenye meno iwekwe juu, kubwa.

MwalimuMld: Hatubadilishi mada. Leo jioni tunachora upya.