Nimeshuka kwenye handaki la Bigo bya Mugenyi kule Uganda. Ngome hii ilichimbwa kwa kazi gani?

FundiKisima wa Karagwe

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mchimba visima, huu mwaka wa 22 nashika sululu. Mwezi uliopita nilivuka Mutukula kwenda Masaka kwenye msiba wa shemeji yangu. Tulipoanua matanga, binamu yangu anayefuga upande wa Sembabule akanichukua nikapumzike kwake siku tatu. Siku ya pili akaniambia, "Kaka, wewe ni mtu wa mashimo, twende nikakuoneshe shimo."

Ndiyo nikafika Bigo bya Mugenyi. Sisi Wahaya jina hilo halitupi shida, omugenyi ni mgeni, kwa hiyo ni ngome za mgeni. Mgeni gani, hapo ndipo nilipokwama.

Nilikwenda na picha ya ngome kichwani: kuta, mawe, pengine mnara. Hakuna. Ni nyasi, vichaka, na ng'ombe wa mapembe marefu wakijilia zao, na chini kule Mto Katonga umejaa mafunjo hata maji huyaoni. Nilisimama juu ya tuta muda mzima nikiuliza ngome iko wapi. Binamu akanishika bega, akaninyoshea kidole: "Fuata nyasi zinapopinda." Nikafuata kwa macho. Mstari unakwenda, unapanda kilima, unazama, unatokea tena mbali kabisa. Mwili ulinisisimka, nasema kweli.

Tukashuka handakini kwa njia iliyokanyagwa na ng'ombe. Ndani kuna ubaridi. Ukuta wa handaki umenipita kimo, na mimi si mfupi, na hapo ujue mvua imeshusha udongo chini kwa mamia ya miaka. Futi chache za juu ni udongo mwekundu wa kawaida. Chini yake unaanza mwamba. Niligonga kwa ncha ya fimbo, ikalia ko, ko, ko. Nikagonga hatua kumi mbele, ko, ko. Wamekata mwamba hawa watu, kwa vyuma vya kufua wenyewe. Mimi nikikuta mwamba wa namna ile kwenye kisima, vijana wawili wanatoa shubiri mbili kwa siku, na jioni mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki.

Nimeambiwa mahandaki yote ukiyaunganisha yanapita kilomita 10. Usiku sikulala, nikapiga hesabu ya fundi. Chukua upana wa juu mita 4, kina mita 3, kuta zimelala kidogo. Kila mita moja ya urefu inatoa kama mita za ujazo 8. Kwa kilomita 10 ni mita za ujazo 80,000. Mtu mmoja kwenye udongo laini, akipata chakula chake vizuri, anatoa mbili kwa siku. Hizo ni siku 40,000 za kazi. Ukiwa na watu 400, ni siku 100 bila kupumzika, na mwamba bado sijauhesabu. Nani aliwalisha? Nani aliwasimamia?

Swali langu: handaki hili lilikuwa la vita, la mifugo, au la nini? Kwa sababu kuna kitu hakiniingii. Lina mapengo mengi ya kupita. Mtu anayeogopa adui anaacha milango yote hiyo?

---

Nyakato M.

Shikamoo fundi, na pole kwa msiba. Mimi ni wa Mbarara ila naishi Kampala, Kiswahili changu mnivumilie.

Hiyo hesabu yako ya watu 400 imenigusa. Jibu la "nani aliwalisha" umeshalitaja mwenyewe: ng'ombe. Hiyo ni nchi ya malisho. Kiangazi kikikaza, nyasi za juu zinakauka, lakini bonde la Katonga linabaki na maji na majani. Anayeshika kivuko kile na bonde lile ameshika uhai wa kila mfugaji wa karibu. Kwetu wazee wanasema boma la mkubwa hulijui kwa nyumba, unalijua kwa ng'ombe wanaoingia jioni. Mapengo uliyoyaona mimi nayaona kama njia za ng'ombe.

Mugenyi anayetajwa ni katika wale Abachwezi, watawala wa kale wanaosimuliwa na wazee. Hadithi inasema alikuwa na ng'ombe wake kipenzi, Bihogo, akaapa kwamba huyo akifa naye hatabaki. Bibi yangu alikuwa akifika hapo anashusha sauti.

Na neno "ekigo", umoja wa bigo: kwa Waganda mpaka leo ndiyo parokia ya Wakatoliki. Ngome imegeuka kanisa!

---

Mwl. Mstaafu

Fundi, nimefundisha historia miaka mingi na sijawahi kuona mwanafunzi akiuliza swali hilo kwa kulipimia fimbo. Hongera.

Yanayojulikana kwa kuchimbua ni haya. Mwanaakiolojia Peter Shinnie alichimba pale mwaka 1957, mwenzake Merrick Posnansky akafuata mwaka 1960. Vipimo vya kaboni, vinavyokadiria umri wa mabaki, vinaweka matumizi ya Bigo kati ya miaka ya 1300 na 1500 hivi. Ili upate picha, Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Pwani wanajenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, bara huku wanajenga kwa kuchimba. Ndiyo maana naumia nikisikia watu wanasema bara hapakuwa na majengo. Yapo, ila yamelala.

Walipata mifupa mingi ya ng'ombe na vigae vya vyungu. Vigae hivyo vina alama ya kamba iliyosokotwa, ambayo mfinyanzi aliiviringisha juu ya udongo ukiwa mbichi. Pale ndani juu ya kilima kuna uzio mdogo wenye vilima vidogo vya udongo, na Posnansky aliona mpangilio wake unafanana na boma la mfalme wa Ankole. Kwa hiyo uzio wa ndani ni makao ya mkubwa, na handaki refu la nje ni jambo jingine. Usiyachanganye.

Kuhusu Wachwezi nakushauri uwe na heshima na uangalifu kwa pamoja. Ndahura na Wamara, wafalme wa Wachwezi, wamo katika masimulizi ya ufalme wa Bunyoro, na huko kwenu Buhaya Wamara amekuwa akitambikiwa kama pepo mkubwa. Masimulizi hayo ni mali. Lakini hakuna kigae kilichoandikwa jina la mtu.

Ukirudi, usiiache Ntusi, iko upande wa kusini, si mbali. Ni kongwe kuliko Bigo, na watu wake walifuga na kulima pia. Kuna vichuguu viwili vikubwa ambavyo ni majalala ya miaka na miaka: mifupa, majivu, vigae. Pembeni kuna bonde la kuchimbwa ambalo wenyeji huliita bwogero.

---

Baluku78

Niongeze moja. Kwetu Kasese tumepakana na hifadhi, na mitaro ya kuzuia tembo tunaichimba hadi leo, mita 2 kwenda chini na mita 2 upana. Tembo hawezi kuruka, akiona shimo anageuka. Baba yangu amechimba, nami nimechimba. Mtaro usiokamilika pia unasaidia, mradi unamsukuma tembo aelekee unakotaka wewe, halafu pale penye pengo mnakaa na moto. Nafikiria kama miaka ile tembo walikuwa wengi, mwenye mtama wake angefanya nini?

Na Bigo haiko peke yake. Nenda Munsa, wilaya ya Kakumiro. Mahandaki yamezunguka kilima cha mwamba kinachoitwa Bikekete. Mengi yamejaa udongo, usipoelekezwa unayapita.

---

Kijana wa Kyaka

Kwa heshima zote wakubwa, mimi nilipelekwa Bigo na rafiki zangu tukaona vichaka tu. Tukapiga picha na ng'ombe tukaondoka. Mnaona nini ambacho sisi hatukukiona?

---

FundiKisima wa Karagwe

Mdogo wangu, usijilaumu, hata mimi ningeondoka kama si binamu. Mlifika saa ngapi? Kama ni saa sita mchana, jua likiwa utosini ardhi yote inakuwa sawasawa. Nenda saa kumi na moja jioni. Jua likilala, handaki linajaa kivuli na tuta linang'aa, mstari mzima unasimama mbele yako. Halafu shuka ndani. Usilitazame kwa juu, shuka.

Dada Nyakato, marahaba, na Kiswahili chako hakina neno. Habari ya kiangazi imenifungua macho. Nimempigia binamu, anasema kweli, Agosti ng'ombe wote wanashuka kule bondeni.

Ndugu Baluku, nimelifikiria la tembo. Kwa udongo nakubali. Lakini kwenye mwamba mimi nakataa kama fundi. Wa kuzuia tembo akikuta mwamba atakata kona, atapitisha mtaro pembeni penye udongo, maana tembo hajali mstari. Hawa hawakukata kona, wameupasua. Mtu haamrishi mwamba upasuliwe kwa ajili ya shamba la mtama. Anaamrisha hivyo anayetaka kila aliyetoka mbali na ng'ombe wake aone mstari huo na ajue ameingia kwa nani.

Mwalimu, shikamoo na asante sana. Nina jambo linaninyima raha. Sehemu moja tuta limelimwa. Mahindi yamepandwa mpaka ukingoni, na kila mvua udongo unateremkia handakini. Nasikia Uganda imeliweka Bigo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini mimi naongea kama mtu wa mashimo: shimo lisilo na mlinzi linajaa, na likijaa hakuna anayelikumbuka. Aliyelima si mtu mbaya, nilimkuta, ana watoto sita. Hakuna aliyemwambia pale ni pahali gani. Tulikaa naye kwenye kivuli nikamwonesha mwamba. Akagonga mwenyewe kwa mpini wa jembe lake, akanyamaza, akagonga tena.

Agosti narudi na mwanangu mkubwa, naye ameanza kushika sululu. Nitakwenda na futi kamba, nipime kina kila hatua mia moja, niandike kwenye daftari. Mwenye nafasi tuonane Masaka.

---

Nyakato M.

Niandikie nafasi moja. Nakuja na mama, yeye ndiye anayejua nyimbo za Bihogo.