Miaka 11 ya batiki, sasa hata kuwasha jiko la nta sitaki

Mama_Beseni (Moshi)
Wadau habari zenu. Nipo Pasua, kazi yangu batiki: nachora kitambaa kwa nta ya moto, natia rangi, palipo na nta rangi haishiki. Nilianza 2014 kwenye ua wa nyumba ya kupanga, mabeseni mawili na brashi ya kuazima. Sasa nina banda langu la mabati na binti wa kunisaidia. Zamani mistari yangu ilivuja, nta inapoa kabla brashi haijagusa kitambaa. Siku hizi shingo ya twiga naivuta mara moja tu huku naongea na simu.

Shida ni hiyo simu.

Tangu Januari duka moja la zawadi mjini linachukua kwangu mchoro mmoja: mlima, twiga wawili, jua la machungwa. Walianza na 20, wakaja na 60, mwezi uliopita 120. Nikiwapelekea kitu kingine wanasema, "Dada, hii haitoki." Hela wanalipa, japo kwa kuzungushana.

Sasa juzi alfajiri naanika, mawingu bado, mlima uko wazi wote. Nikautazama, nikatazama kitambaa mkononi. Jamani! Vile vilele viwili vya Kilimanjaro, kwetu hapa Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Kwenye batiki zangu zote Mawenzi iko kushoto. Nilijifunza kwa kunakili kadi ya posta, na kadi yenyewe ilipigwa upande wa Amboseli, Kenya. Miaka 11 nachora mgongo wa mlima, na uso wake upo juu ya kamba yangu ya nguo kila asubuhi.

Tangu siku hiyo sijagusa nta. Kitambaa cha oda kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani. Zamani nikitia buluu nilikuwa naita watoto waje waone: kitambaa kinatoka kwenye beseni kijani-kijani, ukikiinua tu hewa inakigeuza buluu mbele ya macho yako. Siku hizi natoa, naanika, naenda beseni lingine. Binti ndiye aliyeniambia, "Mama, leo hata hukuangalia."

Mume wangu anasema ni malaria. Nimepima, sina. Mliowahi kupatwa na hali hii mlifanyaje? Msiniambie nipumzike, ada ya shule inadaiwa.

Fundi_Ngaramtoni
Pole dada. Mimi ni wa cherehani, lakini nimeshona sare za shule miaka sita mfululizo, nakuelewa vizuri. Ilifika mahali naota kola. Oda sikuiacha, niliibana. Jumatatu hadi Alhamisi sare, Ijumaa nafungua mlango nusu na nashona ninachotaka mwenyewe. Miezi ya mwanzo nilishona takataka tupu, jioni nafumua.

Kijana_wa_Rau
Vitambaa 120 oda moja halafu unalia? Nipe hiyo namba ya duka. Wenzio masika hii hatujauza hata kimoja, wageni wenyewe mpaka Juni.

Mama_Beseni (Moshi)
Rudi ukasome swali, mdogo wangu. Sijasema sina kazi.

Mzee_wa_Sakina
Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa.

Wale twiga usiwachore tena kwa brashi. Kata muhuri: sponji ya godoro, igundishe kwenye kipande cha ubao, chovya kwenye nta, gonga. Usione aibu. Java kwenyewe, huko Indonesia, wana muhuri wa shaba wanaouita cap, na wana canting, kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba kama wa birika, kwa kazi ya mkono. Na UNESCO ilipoiingiza batiki ya Indonesia kwenye orodha ya urithi mwaka 2009 haikuutupa nje muhuri. Kazi ya kurudiarudia mpe muhuri, mkono wako utunze.

Halafu nta. Nakisia unatumia mishumaa mitupu kwa sababu ni rahisi. Mishumaa inakauka na kupasuka, rangi inapenya humo, ndiyo maana nyufa zako zinajaa kila mahali na huna habari nazo tena. Weka nta ya nyuki sehemu mbili, mshumaa moja. Itanata, itakuwa nzito, nyufa zitapungua. Mkono ukikutana na nta usiyoizoea utaacha kuongea na simu.

Mwaka aliofariki mama watoto wangu nilikaa miezi saba bila kuchora. Nilirudi kwa kuchemsha vitambaa vilivyoharibika, naengua nta juu ya maji, naiweka koponi. Kazi ile haitaki akili wala moyo. Makopo yalipofika manne nikajikuta natafuta brashi.

Mama_Beseni (Moshi)
Shikamoo mzee, na samahani.

Mrejesho baada ya siku tisa. Muhuri nimekata kwenye godoro la mtoto lililochakaa. Twiga wa kwanza katoka hana miguu, wa tatu akakaa sawa. Binti amepiga vitambaa 30 vya oda peke yake, na nimempandishia posho kabla hajadai.

Nta nimechanganya kama ulivyosema. Nzito hiyo! Brashi inabaki nyuma, ilibidi simu niiweke chini. Nimechora mlima wa hapa, Kibo kushoto, mbele migomba, paa la jirani, na kamba yenye shati la mume wangu. Mawenzi imenisumbua mno, ina meno-meno ambayo sikuwahi kuyaangalia.

Beseni la buluu halikuwa na nguvu, nadhani haidrosi, ile dawa ya unga ya kuchanganya na rangi, imekaa wazi muda mrefu. Anga limetoka kijivu cha majivu ya mkaa. Wa dukani nimewaonyesha kwenye simu wakasema haitoki. Nimeitundika bandani, juu ya jiko.

Mwenye haidrosi mpya hapa Moshi mjini, kopo halijafunguliwa, aniambie bei. Nataka kulirudia hilo anga kabla ya Jumapili.