Gereji wamebadilisha plagi za pikipiki yangu ya theluji mara tatu, hakuna aliyejiuliza kwa nini inalowa ya KUSHOTO tu!

Wakuu, salamu zitafuata nikitulia. Mods, naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho, hela yangu imeondoka kweli.

Niko Timmins, kaskazini mwa Ontario, Kanada. Mwezi wa kwanza huku nyuzi 28 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na asiye na pikipiki ya theluji anashinda ndani kama kuku anayeatamia. Nikajichanga nikanunua ya mtumba: stroki mbili, silinda mbili, kabureta mbili za Mikuni VM34, inapozwa kwa feni, kompyuta hakuna hata chembe. Fundi yeyote aliyewahi kufungua Vespa anaielewa.

Desemba ikaanza kukohoa. Asubuhi inawaka vizuri tu. Baada ya dakika kumi inamisi, nguvu zinaisha, inabaki kutembelea silinda moja. Nafungua plagi: ya kulia kavu, rangi ya chai ya maziwa. Ya kushoto nyeusi tii, imelowa chapachapa. Nasafisha, naenda, inalowa ileile.

Nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Jina silitaji. Wakaweka plagi mpya mbili, wakasema za zamani zimechoka. Siku tano, kushoto imelowa. Nikarudi. Jibu nililopewa na mtu mzima mwenye ovaroli: "Ni baridi."

Baridi gani hiyo inayochagua silinda? Halafu mambo ni kinyume. Hewa ya baridi kali ni nzito, inataka petroli nyingi zaidi. Jeti (vile vitundu vya kupitisha petroli kwenye kabureta) zilizopimwa kwa nyuzi 0 zikikutana na 28 chini ya sifuri, injini inabaki na njaa ya petroli. Plagi ingekuwa nyeupe, siyo kulowa!

Safari ya pili wakaweka plagi "ya moto zaidi", NGK BR8ES badala ya BR9ES iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kwa NGK namba ikishuka, ncha ya plagi inachelewa kupoa, hivyo masizi yanaungua. Ujanja huo naujua. Lakini wakaweka PANDE ZOTE MBILI. Silinda ya kulia haina kosa lolote, nayo ikabebeshwa plagi ya moto. Ubane mafuta mpaka mwisho kilomita kadhaa juu ya barafu ya ziwa, utoboe pistoni iliyokuwa nzima, kwa sababu ya jirani yake anayekohoa.

Safari ya tatu plagi tena, na habari mpya: kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) imeshuka, pistoni na ringi zibadilishwe, andaa dola 900. Nikauliza, mmepima ikasoma ngapi? Akaanza kutafuta kalamu.

Nikaifunga kwenye trela nikarudi nayo nyumbani. Nikaazima geji ya kupimia kompresheni kwa jirani. Kulia 125, kushoto 125. Kanjanja kabisa!

Basi nikaanza mwenyewe, gereji ya nyumbani, hita moja ya gesi na vidole vinakufa ganzi. Kule Kilwa kulikuwa na mzee fundi wa mashine za boti, plagi alikuwa anainusa kwanza kabla hajaitazama. Tulimcheka sana utotoni. Nikanusa: petroli tupu. Nikaiacha juu ya meza, ikakauka. Oili haikauki hivyo, inabaki inateleza kidoleni. Kwa hiyo pampu ya oili siyo mshukiwa.

Nikahamisha plagi, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Ikalowa ya kushoto. Nikabadilishana waya za plagi, maana mashine hii koili moja inatoa cheche kwa plagi zote mbili kwa pamoja, haidhuru ukizigeuza. Bado kushoto. Umeme hauna kesi. Nikatazama paipu ya kumwagia petroli iliyozidi ya kabureta ya kushoto, haichuruziki, kwa hiyo floti (boya la kuzuia petroli isifurike) inafunga.

Ikabaki choki, ile ya kuongeza petroli wakati wa kuwasha injini ya baridi. Kwenye VM choki siyo kile kibati cha kuziba hewa, ni kipistoni kidogo kinachoinuliwa na waya kufungua njia ya pembeni ya petroli. Waya unatoka kwenye kishikio ukiwa mmoja, kisha unagawanyika mara mbili, kila kabureta na wake. Nikashika ganda la waya juu ya kabureta ya kulia, linacheza kidogo, kama milimita moja na ushee. La kushoto limekaza kama uzi wa gitaa. Yaani kipistoni hakikai chini, choki imefunguka saa zote! Ndiyo maana asubuhi iliwaka vizuri: injini ya baridi inapenda petroli nyingi. Ikipata joto inazama nayo.

Nikalegeza nati ya kubania, nikarudisha mchezo wa waya, nikakagua mpira chini ya kipistoni, mzima. Spana moja ndogo, dakika kumi, sita kati ya hizo napasha vidole. Nikarudisha BR9ES. Jumamosi nimekwenda mpaka ziwa la Kamiskotia na kurudi, nikafungua plagi zote mbili palepale uani: chai ya maziwa kulia, chai ya maziwa kushoto.

Dola 412 wamekula. Kwa plagi sita na neno "baridi".

Jumatatu nakwenda na risiti tatu, na plagi moja iliyolowa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mliopo Kanada, kuna aliyewahi kudai hela gereji za huku akarudishiwa? Nipeni mbinu kabla sijaingia pale na mdomo huu.