Tunalipa ada ya taka kila mwezi, taka hazizolewi: huku ndiko kubana matumizi ya serikali?

Wakuu, salaam. Leo naandika kwa hasira na sitaificha.

Kila msimu wa bajeti tunaelezwa kwamba serikali imeelemewa, kwamba huduma zikikabidhiwa watu binafsi matumizi yatapungua na huduma itaboreka. Mimi nakaa hapa Dodoma, kwenye mtaa ambao uzoaji taka alipewa mzabuni. Matumizi hayajapungua hata senti. Yamehama tu kutoka kwenye vitabu vya serikali, yakaja mfukoni kwangu, na taka ziko palepale.

Ada ilikuwa elfu mbili kwa mwezi. Alipoingia mzabuni ikawa elfu tano. Tukakubali, usafi una gharama zake. Mwanzoni gari lilipita kila wiki na watu tukashukuru. Baadaye likawa la kubahatisha, lakini kijana wa kukusanya pesa habahatishi hata siku moja. Anagonga geti na mashine yake ya POS, risiti inatoka imeandikwa ada ya taka, na nyuma ya mgongo wake viroba vya wiki tatu vimepasuka, funza wanatembea mpaka mlangoni. Ukimwonyesha anasema yeye ni wa makusanyo, mambo ya gari ni ya watu wengine. Ukigoma kulipa unatishiwa faini ya elfu hamsini. Jirani yangu mama ntilie ametozwa faini hiyo kwa uchafu uleule aliokuwa ameshalipia uondolewe. Risiti anazo zote, kazifunga kwenye kitambaa. Aliwaonyesha, hawakuziangalia.

Matokeo yake watu wanatupa korongoni. Mnaoijua Dodoma mnayajua makorongo yetu: makavu miezi mingi, halafu Desemba maji yanashuka kwa kishindo na kubeba pampasi, makopo na matumbo ya kuku mpaka kwenye nyumba za bondeni. Watoto wanacheza humo. Kipindupindu kikiingia, serikali hiyohiyo iliyobana matumizi ndiyo itakayonunua dripu na kufungua kambi za wagonjwa. Gharama hiyo nani aliipigia hesabu wakati wa kusaini?

Nimejitahidi kuelewa inakuwaje. Mzabuni analipwa kutokana na anachokusanya. Kwa hiyo magari anayapeleka kwenye lami, kwenye maduka makubwa na nyumba za wanaolipa bila kelele. Mitaa ya ndani yenye njia mbovu inamlia dizeli na springi, anaiacha. Kwa hesabu za biashara yuko sawa. Ninayemlaumu zaidi ni aliyeandika mkataba unaomruhusu kukusanya kila nyumba bila kumbana azoe kila nyumba. Dampo la kisasa la Chidaya lipo, limejengwa kwa fedha za umma. Bwana afya wa kumsimamia mzabuni analipwa na umma. Kesi za wasiolipa zinaendeshwa na umma. Sasa kilichobinafsishwa ni kitu gani zaidi ya makusanyo?

Na wale akina mama wanaofagia barabara alfajiri kabla hamjaamka? Ninayemfahamu mimi alikuwa kibarua wa halmashauri, pesa ndogo lakini ya uhakika. Sasa yuko chini ya kampuni, hana karatasi ya mkataba, mshahara unachelewa hadi miezi miwili, NSSF anakatwa ila akiangalia salio hakuna kilichoingia. Barakoa yake ni khanga. Huko ndiko unafuu ulikopatikana, kwenye mgongo wa huyu mama.

Msiniambie nina chuki na sekta binafsi. Kwenye simu, nikichukizwa na mtandao huu nahamia ule, ndiyo maana wanatubembeleza. Kwenye taka sina pa kuhamia. Mzabuni ni mmoja, kwa lazima, na kwa sheria ndogo. Huo ni ukiritimba kama ule wa zamani, tofauti ni kwamba zamani ulikuwa na diwani wa kumbana.

Tena nchi hii imeshaungua kwenye jambo hili, halafu tunajifanya hatukumbuki. Maji ya Dar es Salaam ilipewa kampuni binafsi ya City Water mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka 10, ukavunjwa 2005, na nchi ikaburutwa kwenye usuluhishi wa kimataifa mpaka 2008. Reli ya kati, inayopita hapahapa Dodoma, Bahi, Manyoni mpaka Itigi, ilikodishwa mwaka 2007 kwa miaka 25. Kampuni ya RITES ya India wakachukua asilimia 51 ya hisa, serikali ikabaki na 49. Wafanyakazi wakagoma, mabehewa yakachakaa, na 2011 serikali ikazinunua tena hisa zile. Sisi watu wa kanda ya kati tuliotegemea treni kusafirisha mizigo ndio tuliosota miaka yote hiyo. Na leo treni ya SGR inayotufikisha Dar tangu 2024 inaendeshwa na TRC, shirika la umma. Kwa hiyo umma ukiamua unaweza.

Niliomba nakala ya mkataba wa taka wa mtaa wetu, nikajibiwa ni siri ya kibiashara. Siri gani hiyo, pesa ni zangu, taka ni zangu, na faini ni yangu? Mkataba ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, uonyeshe gari linapaswa kupita mara ngapi na mzabuni anakatwa kiasi gani lisipopita. Wiki ambayo gari halikuja, ada isidaiwe. Na yule mama wa watu arudishiwe elfu hamsini yake.

Walioko Singida, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa na Kongwa, andikeni hapa chini. Iwe taka, maegesho, ushuru wa soko au vyoo vya stendi: ada ilikuwa ngapi, sasa ni ngapi, na huduma ikoje. Msiweke majina ya watu, wekeni mambo yalivyo. Jumatatu tunakwenda kwa diwani majirani wote na risiti zetu, na majibu yenu nitayachapa twende nayo.