Naomba ushauri: tusome nini baada ya Kuli?

Habarini za jioni, ndugu zangu. Niko Ngamiani, Tanga. Tuko wasomaji saba, tunakutana Jumapili baada ya alasiri kubadilishana vitabu, na kila mtu anasimulia anachosoma.

Tulianza na Kusadikika cha Shaaban Robert, kwa kuwa ni mtoto wa Tanga hii hii. Mimi kilinikosha mno, hasa zile safari za wajumbe anazozisimulia Karama mbele ya baraza. Lakini vijana wawili walikwama kwenye lugha, wakaacha kuja. Nilijaribu kuwasomea kwa sauti, haikusaidia. Kilichowarudisha ni Kuli cha Adam Shafi: mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948 waliuelewa upesi, maana baba wa mmoja wao anapakua mizigo bandarini. Walikesha nacho!

Sasa kimeshazunguka wote, nami nachelea kuwapoteza tena.

Naombeni mnisaidie: riwaya gani fupi, ya watu wa kazi na lugha nyepesi, ifuate? Na mnaozungusha nakala moja kwa watu wengi, mnampa kila mtu siku ngapi?

Natanguliza shukrani.